Zaka na mchango: la lazima limekuwa hiari, la hiari limekuwa lazima

Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani niliingia msikiti mmoja hapa Mombasa nikiwa na noti ya shilingi elfu moja katika mfuko wa kanzu. Noti ile ilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka kando tangu mwanzo wa wiki kwa ajili ya shangazi yangu, mjane aishiye peke yake katika chumba cha kupanga, ambaye dawa zake za shinikizo la damu zilikuwa karibu kumwishia. Niliazimu nikitoka kuswali nipite kwake moja kwa moja.

Imamu alipotoa salamu, na kabla watu hawajainuka, bwana mmoja wa kamati alisimama mbele na kipaza sauti mkononi. Alieleza kwamba mnara wa msikiti wataka kumalizwa kabla ya Ramadhani, kisha akaanza kutaja majina. Fulani bin Fulani, elfu kumi. Takbir! Fulani bin Fulani, elfu tano. Takbir! Mara akaniona mimi. Alinitaja kwa jina la marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, akasema kwamba mtoto wa mzee yule hawezi kubaki nyuma. Nifanyeje? Nilitia mkono mfukoni nikaitoa ile elfu moja, watu wakaitikia takbir, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya.

Jioni ile sikwenda kwa shangazi. Nilikwenda Jumanne, na nikamkuta anameza kidonge kimoja kwa siku mbili ili vilivyobaki vimfikishe. Hakuniuliza neno, wala mimi sikumwambia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini wengi wenzangu wa pwani wamepata kujiuliza, ila hawalisemi kwa sauti: je, ile elfu moja nilitoa, ama nilitolewa?

ZAKA SI MCHANGO

Kwanza hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu ya barazani twayachanganya. Zaka ni nguzo ya dini. Iliwekewa viwango vyake katika mwaka wa pili wa Hijra, na mtu akishatimiza masharti yake hana hiari nayo, kama vile asivyokuwa na hiari na swala tano. Sadaka ni jambo la kupenda. Ukitoa wapata thawabu, na usipotoa huna dhambi.

Zaka ina hesabu yake. Mwenye dhahabu ya gramu 85, au fedha ya gramu 595, au pesa na bidhaa za biashara zenye thamani hiyo, na mwaka mzima wa Kiislamu ukampitia, hutoa fungu moja katika arobaini, yaani asilimia 2.5. Mkulima anayetegemea mvua hutoa moja ya kumi ya nafaka yake, na anayemwagilia kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Mfugaji mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Mwanamke wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, hatozwi zaka kwa mapambo anayoyavaa kwa kadiri ya kawaida, hali wenzetu wa Hanafi huyahesabu. Hata zaka ya fitiri ina kipimo chake ambacho wazee wetu walikijua vizuri: pishi moja, yaani vibaba vinne vya chakula cha mji, kwa kila nafsi ya nyumba.

Na wa kupewa pia wametajwa. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inahesabu mafungu manane, na walio mbele kabisa ni mafakiri na masikini. Ndani yake mmo wenye madeni na wasafiri waliokatikiwa. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamesema kwamba zaka haijengi msikiti. Basi mnara, mazulia, mafeni na vipaza sauti ni kazi ya sadaka na wakf, nazo ni hiari.

Sasa msomaji aangalie mambo yalivyo kwetu. Lile la hiari ndilo tunaloitiwa majina mbele za watu. Lile la lazima hakuna anayetuuliza. Sijapata kumwona mtu akisimama baada ya swala na kusema, fulani, mwaka wako umetimia, bidhaa zako umezihesabu? Tumelibadilisha jambo. La lazima tumelifanya hiari, na la hiari tumelifanya lazima.

NANI MWENYE HAKI YA KUDAI?

Atasema msomaji kwamba zaka siku zote ilidaiwa, na atasema kweli. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na maamili waliokwenda kwenye makabila kuikusanya. Alipofariki mwaka 632, yakatokea makabila yaliyosema yataswali lakini hayatatoa zaka. Sayyidna Abubakar aliwapiga vita, na hata Sayyidna Umar alisita mwanzoni kabla hajakubali kwamba khalifa ana haki.

Lakini mambo hayakubaki hivyo. Katika zama za Sayyidna Uthman, mali nyingi ziliingia katika miji ya Waislamu, na wanazuoni wakaeleza kuwa mali ni namna mbili. Iko mali ya dhahiri, kama mifugo na mazao, ambayo kila mtu aiona na mtoza zaka aweza kuihesabu. Na iko mali ya ndani, kama dhahabu, fedha na bidhaa za duka, ambayo mtu asiyekuwa mwenyewe hawezi kuijua ila kwa kuchunguza siri za watu. Hii ya ndani wenyewe waliachiwa waitolee zaka kwa mikono yao na kwa imani zao. Maana yake si kwamba haikuwa lazima tena. Maana yake ni kwamba lazima ile iliwekwa baina ya mja na Mola wake, akaondolewa jirani katikati.

Ziko serikali zilizojaribu kuirudisha mikononi mwao. Mwaka 1980 serikali ya Jenerali Zia-ul-Haq nchini Pakistan ilitoa sheria ya Zaka na Ushuri, na benki zikaamriwa kukata asilimia 2.5 ya akiba za watu siku ya mwezi mosi Ramadhani. Mwezi wa Julai mwaka ule ule maelfu ya Mashia waliandamana mjini Islamabad, kwa kuwa fikihi yao yaihesabu zaka kwa njia nyingine, na serikali ikakubali kuwasamehe walioandika hati ya kiapo. Na Masunni je? Wengi waliingia mtindo wa kutoa pesa zao benki mwishoni mwa Shaabani na kuzirudisha Ramadhani ikishaingia. Wengine hata walitia sahihi kwamba wao ni Mashia, mradi wasikatwe. Sheria ilishika daftari la benki, lakini moyo haukuushika.

Hapa kwetu Kenya hakuna dola ya kutoza zaka. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Hapana awezaye kukushitaki kwa Kadhi kwamba hukutoa zaka yako. Zaka ya muuza duka wa Kongowea au wa Malindi imebaki jambo lake na Mungu wake, na ndiyo maana ni rahisi kuisahau.

KIPAZA SAUTI KIMETOKA WAPI?

Mtindo wa kutaja majina na kiasi cha pesa si wa misikitini peke yake, na nadhani hatukuurithi kutoka kwa masheikh zetu. Tangu Mzee Kenyatta aifanye Harambee mwito wa taifa mwaka 1963, Wakenya tumezoea mkutano wenye mgeni wa heshima, bahasha, na msoma majina mwenye ulimi mtamu. Shule nyingi na zahanati nyingi zilijengwa kwa njia hiyo, na haifai kuibeza. Lakini nayo ilizaa maradhi yake. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango ya harambee. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi aliyoyatoa Rais kanisani, likisema kwamba nyumba ya ibada isiwe jukwaa la wanasiasa. Jirani zetu Wakristo nao, walio na fungu la kumi lao, wamo katika swali hili hili letu.

Tofauti ni kwamba harambee ni shughuli ya watu, na mtu akitoa kwa kutaka jina amelipata jina lake, biashara imekwisha. Ibada si hivyo. Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, yatuonya kuwa sadaka yabatilika kwa masimbulizi na maudhi, na yamfananisha atoaye kwa kujionyesha na mwamba wenye vumbi juu yake ulionyeshewa na mvua kubwa ukabaki mtupu. Basi yule anayemlazimisha mwenziwe kutoa kwa haya, pengine amemtia katika hasara ya namna mbili: amemtoa pesa mfukoni na thawabu mkononi.

SARAFU ZA IJUMAA

Twende sasa madukani. Kila mkaazi wa Mombasa ajua kwamba siku ya Ijumaa masikini hupita duka kwa duka. Muuza duka huweka sarafu tayari juu ya meza, na kila apitaye hupewa yake. Ni desturi nzuri, nami siiombei ife. Lakini mara nyingi nimesikia mwenye duka akisema kwamba yeye zaka yake huitoa kila Ijumaa. Hebu tufanye hesabu.

Tuseme mtu ana bidhaa za shilingi 2,400,000 kwa bei ya sokoni, na pesa taslimu shilingi 600,000, na madeni yake ameshayalipa. Jumla ni shilingi 3,000,000. Fungu la arobaini ni shilingi 75,000. Sasa tuseme kila Ijumaa wapita masikini 30, na kila mmoja apewa shilingi 10. Ni shilingi 300 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 15,600. Imebaki shilingi 59,400 ambayo si mali ya mwenye duka tena, imo dukani mwake tu. Na hata hizo 15,600 hazihesabiki kuwa zaka ikiwa alipokuwa akizitoa hakuwa na nia ya zaka, kwani ibada hii yataka nia.

Kwa nini atoe sarafu bila ya kukosa, na asikae siku moja kuhesabu bidhaa zake? Kwa sababu masikini wa Ijumaa yuasimama mlangoni na wateja waangalia. Shilingi 59,400 haina mtu wa kusimama mlangoni kwa niaba yake. Wanaoistahiki ni watu kama yule shangazi yangu, ambao wamefunga milango yao kwa kuona haya, na ambao mtu asiyewajua huwadhani kuwa wanajiweza.

Hapo ndipo yalipo madhara ya shinikizo la watu. Wengi wasema ubaya wake ni kumtoza mtu asichotaka. Mimi naona ubaya mkubwa zaidi ni kwamba linaigeuza sadaka njia, iende kunakoonekana. Mnara waonekana hata kutoka baharini. Dawa ya mjane haionekani.

KUTOA MBELE ZA WATU

Yako mahali ambapo kutoa kwa kuonekana kumegharimu roho za watu. Tarehe 15 Septemba 2008, katika mwezi wa Ramadhani, tajiri mmoja wa mji wa Pasuruan, kisiwa cha Java nchini Indonesia, alikuwa akigawa zaka yake mlangoni kwake kama ilivyokuwa ada yake. Watu wakajaa kichochoroni, wakasongamana, na wanawake 21 wakafa kwa kukanyagwa. Walichokuwa wakikifuata ni rupia zenye thamani ya dola tatu hivi. Mwezi wa Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, yakatokea kama hayo mjini Sanaa, Yemeni, pale wafanyabiashara walipokuwa wakigawa riali 5,000 kwa kila mtu. Watu zaidi ya 75 walikufa. Habari ile iliwagusa wengi hapa pwani, maana Yemeni kwetu si nchi ya mbali, ni kwa babu za jamaa zetu wengi.

Sisemi kwamba matajiri wale walikuwa na nia mbaya, la hasha. Moyo wa mtu hujulikana na Mungu tu. Nasema kwamba pale Sanaa na pale Pasuruan, masikini ndiye aliyefanywa amfuate mtoaji, ilhali mtoaji angeweza kumfuata masikini.

WANAOTETEA

Nilipolizungumza jambo hili barazani, wazee wawili walinipinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza alisema kwamba bila ya kuhimizwa watu hawatoi. Msikiti wataka maji ya udhu, wataka umeme, na mwalimu wa madrasa ana watoto wake. Kama tungengoja ikhlasi, alisema, tungeswali gizani. Wa pili alinikumbusha hadithi ya watu wa kabila la Mudhar waliofika Madina bila viatu na wamevaa vipande vya nguo, na uso wa Mtume ukabadilika kwa kuwaonea huruma. Aliwahutubia watu, Answari mmoja akaja na mfuko mzito ambao mkono wake karibu ushindwe kuuchukua, na wengine wakafuata mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo. Mtume akafurahi, akaeleza ujira wa mwenye kuanzisha mwendo mwema. Basi kutoa hadharani kumetoka wapi kuwa kubaya?

Nakubali. Aya ya 271 ya Al-Baqara yenyewe yasema kudhihirisha sadaka ni kuzuri, ila kuificha na kuwapa mafakiri ni bora. Lakini tuitazame vizuri ile hadithi. Watu wa Mudhar walikuwa wamesimama pale pale, njaa yao yaonekana. Waliitwa watu wote kwa pamoja, wala hakutajwa mtu kwa jina lake akaambiwa asimwaibishe babaye. Yule Answari aliinuka mwenyewe. Kuhimiza ni Sunna. Kumtia mtu haya mbele ya maamuma wenziwe ni jambo lingine.

Na hiyo habari ya umeme wa msikiti, wazee wetu walikuwa na dawa yake. Misikiti mingi ya pwani ilitegemea wakf: nyumba, duka au shamba la minazi aliloliacha mtu, mapato yake yakawasha taa na kumlisha mwadhini miaka na miaka baada ya mwenyewe kuzikwa. Mali hizo zilikuwa nyingi hata serikali ya kikoloni ikaziwekea sheria na makamishna mwaka 1951. Mtu aliyeweka wakf alitoa mara moja, kwa kutaka, na hakuna aliyemwita tena kila Ijumaa. Tungezitunza zile tulizoachiwa na kuongeza mpya, kipaza sauti kingepumzika.

SIMU NA ORODHA

Nilidhani simu itatuponya. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mtu aweza kutuma pesa usiku wa manane, na nambari ya msikiti imebandikwa ukutani. Hapo tena mkono wa kushoto usingejua uliotoa wa kulia. Lakini tazama kundi lolote la michango la WhatsApp. Mtu akituma, mweka hazina huongeza jina lake na kiasi chake katika orodha, na orodha hurudiwa kila mara ili wasiokuwamo wajione. Kipaza sauti kimeingia mfukoni mwetu, na chalia mchana na usiku.

Yapo mambo matatu ambayo kamati ya msikiti yaweza kuyafanya bila ya gharama. Kwanza, itangaze jumla iliyopatikana na ilivyotumika, bila ya kutaja majina. Pili, iweke siku moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, ambapo maalim awafundishe watu kuhesabu zaka ya maduka yao kwa kalamu na karatasi, kisha kila mtu aende zake na hesabu yake. Tatu, iwe na daftari la siri la wenye dhiki wa mtaa, lishikwe na watu wawili waaminifu, ili mwenye zaka akiuliza ampe nani, apate jibu.

Na sisi wengine tuanze na jamaa. Zaka haifai kumpa mzazi wala mtoto wako, kwa kuwa kuwalisha hao ni wajibu wako. Lakini ndugu, shangazi, mjomba na binamu masikini wanastahiki, na Mtume ametufundisha kuwa kumpa jamaa kuna ujira mara mbili, wa sadaka na wa kuunga udugu.

Mnara ule ulimalizika kabla ya Ramadhani, na ni mzuri, sikatai. Shangazi yangu ausifu sana. Dirisha la chumba chake laelekea upande ule, na adhana humfikia vizuri. Kila nisikiapo akiusifu hukumbuka kwamba tofali moja la mnara ule lilitoka katika dawa zake, na kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa.

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.